Jenereta na umeme wa nyumba

Swali (Kadutu, Bukavu): Umeme ukikatika, jirani huchomeka jenereta ya kVA 3 kwenye soketi ya ukutani, kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Nifanye vilevile?

Jibu: Hapana, tunakusihi. Ukisahau kuzima swichi kuu, umeme wako unarudi hadi transfoma ya mtaa, nayo inaupandisha kufikia maelfu ya volti. Fundi wa SNEL (shirika la umeme la Kongo) aliye juu ya nguzo, akidhani laini imekufa, anauawa. Plagi ikichomoka, pini zake zilizo wazi zina volti 230, watoto wapo!

Mwite fundi aweke, baada ya mita, swichi ya kubadilisha yenye nafasi tatu (1 SNEL, 0 kuzima, 2 jenereta), inayokata nyaya zote mbili, fezi na nyutro, kwa pamoja. kVA 3 ni takriban ampea 13: taa, friji, televisheni. Jiko la umeme, hapana. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka madirishani, kwani kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo katika moshi wake, haina harufu.