Kabla hujafyeka pori la baba yako, leta daftari

Weka panga chini kwanza. Nimesoma uzi wako mara mbili, chai imepoa, na mama watoto ananiuliza ninagombana na nani kwenye simu.

Umesema uko Kaliua, mkoani Tabora, unalima ekari mbili za tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la moto. Kuna pori la marehemu baba yako "limekaa tu", unataka kulifyeka ufikishe ekari sita. Unauliza mbegu ipi, bani ya pili, yaani banda la kukaushia, uijenge vipi, maksai au trekta la kukodi, na mkopo wa pembejeo uchukue wote au nusu. Maswali mazuri. Mimi nayajua, maana niliyauliza hayohayo mwaka 2011, neno kwa neno, na nikajibiwa na mjinga.

Huyo mjinga alikuwa kijana wa kampuni moja ya ununuzi, pikipiki mpya, kofia imeandikwa jina la kampuni. Akasimama ukingoni mwa pori langu hapa Urambo, akasema, "Mzee, hii ardhi imelala, iamshe." Mzee! Nilikuwa na miaka thelathini na nane. Lakini nilifurahi, nikamchinjia kuku. Hadi leo nikikumbuka yule kuku naumia kuliko nikikumbuka mkopo.

Tukakaa chini ya mwembe tukapiga hesabu. Upande huu mbolea, dawa, vibarua. Upande ule kilo mara bei ya dola. Faida ikatoka imenona. Kuni tukaandika sifuri, kwa sababu zilikuwa zangu.

Hiyo sifuri ndiyo iliyoniua.

Bani haili maneno. Mzigo mmoja unakauka kwa siku sita, moto usilale usiku wala mchana: kwanza joto la taratibu jani ligeuke njano, halafu unapandisha likauke, halafu unapandisha tena mpaka kikonyo kivunjike kama kijiti. Ukisinzia, jani linaungua au linarudi kuwa kahawia, na mteuzi, yule anayepanga madaraja ya tumbaku sokoni, hajali kwamba ulisinzia. Kila mzigo ulikula mikokoteni mitatu ya kuni. Msimu ule nilichoma karibu mikokoteni hamsini. Myombo na mitundu aliyoiacha baba yangu, na mininga miwili ambayo fundi angeinunua kwa hela ya maana, yote iliingia kwenye tundu la tanuri huku nikipepea kwa kipande cha bati.

Kwenye ile miti kulikuwa na mizinga thelathini ya magome. Sikuiandika kwenye hesabu kwa sababu asali ilikuwa "inakuja tu". Madumu saba kwa msimu, na ndiyo iliyolipia sare za shule miaka yote. Nyuki hawakunishitaki, walihama.

Masika yaliyofuata mke wangu akatoka na kikapu asubuhi, akarudi saa saba na uyoga wa kujaza kiganja. Nikamlaumu kwamba amezubaa njiani. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba uyoga wetu mwingi unaishi kwa kushikamana na mizizi ya miombo. Ukimaliza miti na uyoga umeaga. Mboga ya miezi miwili hiyo, ndugu yangu, ikaanza kununuliwa gengeni. Kuni za kupikia nazo zikanunuliwa, na mimi ndiye niliyekuwa tajiri wa kuni kijiji kizima. Cheka tu, hata mimi nacheka.

Na ekari sita zinataka mikono. Watoto wakachuma majani na umande asubuhi kabla ya shule. Wa pili akaanza kutapika na kizunguzungu, tukamnywesha dawa ya malaria. Haikuwa malaria. Jani bichi lililolowa linapitisha sumu ya tumbaku kwenye ngozi. Niambie hiyo unaiandika kwenye safu gani?

Siku ya malipo: mteuzi kashusha madaraja ya marobota yangu kadhaa ya tumbaku, wenzangu wawili kwenye kikundi cha mkopo wameshindwa kulipa na deni lao limekatwa kwetu tuliowadhamini. Nikabaki na laki tatu na themanini. Kwa ekari mbili, mwaka uliotangulia, nilibaki na milioni moja na laki mbili. Na pori nilikuwa bado ninalo.

Binti yangu alipokwenda kusomea uchumi akaniambia kuna Mmarekani, Herman Daly, aliyewahi kufanya kazi Benki ya Dunia, aliyefundisha kwamba uchumi umo ndani ya mazingira, na ukuaji ukipita mipaka yake unaweza kukugharimu kuliko unavyokuingizia. Tena Simon Kuznets, mmoja wa walioanzisha upimaji wa pato la taifa, aliwaonya wabunge wa Marekani mwaka 1934 kwamba pato hilo haliwezi kukuonyesha kama watu wana hali njema. Mwaka 1934! Mimi 2011 namsikiliza wa pikipiki.

Na sisi wa Urambo hatuna kisingizio. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga Kongwa, hapa kwetu na Nachingwea. Matrekta yakang'oa pori, mwaka 1951 mradi ukafa. Hesabu zilipigwa London, safi kabisa. Udongo na mvua havikuitwa kikaoni.

Kwa hiyo kabla ya mkopo, kabla ya bani, nunua daftari. Andika kila kitu ambacho pori linakupa bila kukutoza: kuni, asali, uyoga, kumbikumbi, dawa, kivuli cha ng'ombe. Usijaze peke yako, wewe hujui. Mwulize mama yako na mkeo. Kila kimoja kiwekee bei ya gengeni, halafu ndipo utoe kwenye ile faida yako.

Kama umeshaanza kukata, visiki usiving'oe, vinachipua. Vyangu sasa vimepita paa la nyumba, na mwaka jana mzinga mmoja umeingia nyuki. Mmoja kati ya thelathini.

Mbegu waulize wengine humu. Wewe leta picha ya hilo daftari.