Dala ya Kisumu na dala ya Mwanza

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama maneno yanayofanana katika lugha tofauti ni ushahidi kwamba wenye lugha hizo walikuwa ndugu zamani. Nitajibu kwa neno moja tu, dala, na jibu langu la haraka ni hapana.

Mtu wa Kisumu akisema anaenda dala, anaenda nyumbani. Siku hizi hata mji wenyewe unaitwa Dala. Vuka ziwa hadi Mwanza, utapanda daladala. Hiyo ya pili ni pesa. Dala ilikuwa shilingi 5, nauli ya magari hayo yalipoanza, na dala ni dola iliyolainishwa na ulimi wa Kiswahili. Dola nayo ilitoka mbali: karibu mwaka wa 1520, fedha iliyochimbwa Joachimsthal, Bohemia, ilitengenezwa sarafu zilizoitwa Joachimsthaler, watu wakafupisha wakasema thaler. Thal ni bonde kwa Kijerumani. Waswidi huliita bonde dal, na jimbo lao la Dalarna, maarufu kwa farasi wa mbao waliopakwa rangi nyekundu, maana yake ni mabonde tu. Kwa hiyo farasi wa Sweden na daladala ya Mwanza wana babu mmoja, na Kisumu, iliyo kwenye ziwa lilelile, haimo katika ukoo huo. Wahindi nao wana dal, dengu iliyopasuliwa. Dalali ni Kiarabu, dalasini asili yake Kiajemi. Anayeokota silabi mbili akatunga ukoo hatakosa ukoo.

Dala ya Kisumu, ambayo ni ya Kijaluo, hata si nyumba, ni boma la familia. Nyumba ni ot. Tofauti hii iliwahi kuamua mtu azikwe wapi, na wenye umri hawajasahau. Wakili S.M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Ngong. Ukoo wake wa Kijaluo, Umira Kager, ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mawakili wa ukoo walishikilia kwamba Nairobi mtu ana ot, hata iwe na ghorofa ngapi, ila dala haipatikani kwa kununua shamba na kujenga. Ina utaratibu wake, goyo dala, yaani kuanzisha boma. Baba ndiye anayeonyesha mahali, au mzee wa ukoo ikiwa baba hayupo. Anayehama hutoka alfajiri na mwanawe wa kiume wa kwanza, jogoo na shoka mkononi, mke amebeba moto. Nyumba ya kwanza isimame siku hiyohiyo na walale ndani usiku huo. Ndiyo maana siku hizi wengi hupandisha kibanda cha mabati kwanza, matofali yafuate baadaye. Ndugu mdogo hamtangulii mkubwa. Anayeruka hatua anaogopewa chira, laana ya kuvunja mila, na chira haimpati yeye peke yake, huenda hadi kwa watoto. Bila hayo yote, dala ya mtu hubaki ile ya baba yake. Jaji Bosire alikubaliana na ukoo Februari 1987, Mahakama ya Rufani ikaunga mkono Mei, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 mwezi huo, zaidi ya miezi mitano baada ya kufa. Kenya nzima ilijifunza kutofautisha ot na dala kutoka magazetini.

Sasa tazama neno hilo lililobebwa mahakamani kama kitovu cha Ujaluo. Wingi wa dala ni mier, ambao haufanani nalo hata kidogo. Wajaluo wana neno lingine la nyumbani, pacho, na hilo ndilo utakalolikuta kwa ndugu zao wa lugha: Waacholi wana paco, Washiluki wa Sudan Kusini wana pac. Dala halimo huko. Lakini vuka mpaka uingie kwa Waluhya, ambao ni Wabantu, utasikia boma likiitwa litala, kwingine lidala, li- ikiwa kiambishi cha ngeli na ma- kwenye wingi, kila kitu mahali pake. Kwangu mimi hilo linatosha: Wajaluo walilipata kwa Wabantu, kisha wakalijengea mila nzito kuliko waliyoikuta.

Hapo jibu langu la hapana linalegea. Kufanana huko kunasema jambo la kweli, japo si undugu. Kunasema ujirani, kuoana na kugawana mipaka ya mashamba. Ila nalegea kwa majirani tu, na baada ya kuangalia wingi, viambishi na lugha dada. Kwa Sweden tuna njia ya sarafu inayofuatika hatua kwa hatua; bila njia ya namna hiyo nisingekubali hata farasi.

Na atakayewaandikia kwamba dala ya Kisumu ilikuja na Wahindi wa reli kwa sababu ya dengu, mwulizeni kwanza wingi wake.