Dakika mbili za mwanzo wa filamu: yaliyotukuta Mji wa Kale

Ndugu, umesema kwamba kundi lenu limepewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu kwa somo la vyombo vya habari, na kwamba mnavutana kwa sababu hadithi yenu haitoshei katika dakika 2. Nami niliifanya kazi hiyo hiyo Mombasa, chini ya mtaala wa kimataifa wa Cambridge, unaotaka mwanzo wa filamu ya kubuni pamoja na majina ya washiriki, picha zote zikiwa zimepigwa na wanafunzi wenyewe. Hadithi nzima haitakiwi kutoshea, jambo ambalo sisi tulichukua wiki 3 kulielewa.

Filamu yetu ilimhusu msichana anayerudi kutoka shuleni na kukuta ufunguo wake haufungui tena kufuli la nyumba yao. Katika mswada wa kwanza tulimwekea msimulizi aliyeeleza mirathi, ugomvi wa baba na ami yake, hata deni la duka, na tulipounganisha picha tukapata dakika 4 na ushei. Tulipomwondoa msimulizi, ulibaki mkono, ufunguo uliokwama, na jirani anayefunga dirisha la ghorofani polepole bila kusalimu. Wenzetu darasani wakaanza kubishana ni nani aliyebadilisha kufuli, nasi tukaacha kuongeza maelezo.

Picha tulizipiga katika kichochoro karibu na barabara ya Ndia Kuu, Mji wa Kale. Mwenye kamera alivuka upande wa pili kukimbia jua, kwa hiyo msichana aliyekuwa akitembea kutoka kushoto kwenda kulia akaonekana, katika picha iliyofuata, anarudi alikotoka. Mwalimu alikuwa ameshatuchorea ubaoni kanuni ya digrii 180, ya kutouvuka mstari wa mwendo wa mhusika, nasi tulikuwa tumeinakili daftarini kwa hati nzuri sana. Ilitubidi turudi Jumamosi nyingine, saa ile ile, maana katika vichochoro vyembamba vyenye nyumba za ghorofa kivuli huhama upesi, na ukuta uliokuwa mweupe huwa wa kijivu kabla hamjamaliza kubishana kuhusu pembe ya kamera.

Lililotuelemea zaidi lilikuwa sauti. Picha 3 za mlangoni zilipigwa adhana ya alasiri ikiendelea, kila moja ikinasa kipande chake, na zilipounganishwa adhana ikawa inaruka maneno. Nyanya yake mwenzetu, ambaye ndiye aliyetuazima mlango, alipoitazama kazi kwenye kompyuta alisema, "Wanangu, adhana haikatwi vipande." Hata kwa jicho la mhariri alikuwa na haki. Tukaifuta sauti yote ya kamera, tukarudi baada ya swala kurekodi dakika nzima ya kichochoro bila mtu kusema neno, tukaitandaza chini ya picha zote ili maungio yasisikike. Mlio wa ufunguo tuliurekodi usiku chumbani, kufuli likiwa juu ya godoro na simu ikiwa umbali wa vidole vinne, baada ya kuzima feni. Jaribuni hivyo kabla ya kutafuta muziki. Sisi muziki hatukuuhitaji hata kidogo.

Majina ya washiriki msiyaache hadi usiku wa mwisho. Desturi ni jina la mwongozaji kuja mwisho, na sisi, tuliokuwa watu 4 tu, tulijikuta tukirudia jina moja kwa kazi 5 kwa herufi ndogo ambazo projekta ya darasani ilizimeza.

Katika tathmini utaulizwa, pamoja na mengine, jinsi kazi yenu inavyowaonyesha watu wa jamii fulani. Hapo ndipo nilipojikwaa. Tulikuwa tumezipa picha zote rangi ya samawati iliyofifia, na yule nyanya aliuliza kwa nini mtaa wake tumeufanya kama gereza. Niliandika kurasa 2 kuhusu desturi za filamu za taharuki na namna rangi baridi inavyojenga hofu. Jibu la kweli, ambalo sikuliandika, ni kwamba rangi ile ilikuwa ya kwanza katika orodha ya programu ya kuhariri, na hakuna kati yetu aliyejaribu ya pili.