Wasomaji Wauliza: Majengo ya Kazi Nyuma ya Majumba ya Makabaila wa Uingereza

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika picha za majumba ya kale ya mashambani Uingereza, kila jumba huonekana limezungukwa na majengo madogo mengi. Sisi wa Nairobi tumezoea SQ (nyumba ndogo ya mtumishi) moja nyuma ya nyumba, pengine na stoo. Majengo yale yote yalikuwa ya nini, na kwa nini hayakuunganishwa na jumba lenyewe? – Msomaji, Buruburu

JIBU: Ndugu msomaji, sababu ya kwanza ilikuwa moto. Katika Enzi za Kati chakula kilipikwa kwa kuni kwenye meko ya wazi, na kwa kuwa nyumba nyingi zilikuwa za mbao, jiko lilitengwa ili likishika moto lisiteketeze makao ya bwana. Huko Stanton Harcourt, karibu na Oxford, jiko la namna hiyo lingali limesimama tangu karne ya 15: ni la mawe, refu kama mnara, halina dohani, na moshi wake ulitokea kwenye matundu ya paani ambayo yalifunguliwa au kuzibwa kufuatana na upepo.

Sababu ya pili ni kwamba jumba lilijitegemea kwa karibu kila kitu, na kila kazi ilidai mazingira yake. Maziwa yalitaka baridi, kwa hiyo chumba cha kutengenezea siagi na jibini kilielekezwa kaskazini, kuta zake zikawa nene na meza zake za mawe. Udobi ulitaka maji tele, mvuke na uwanja wa kuanikia, mambo ambayo wenye nyumba hawakutaka kuyaona wala kuyanusa. Bia hafifu ilikuwa kinywaji cha kila siku cha watumishi kabla ya chai kuwa rahisi, na mara nyingi ilihesabiwa kuwa sehemu ya posho yao. Ndiyo maana jengo la kupikia bia halikukosekana. Pale Calke Abbey, katika jimbo la Derbyshire, njia ya chini ya ardhi iliyounganisha jengo hilo na jumba ingalipo. Barafu nayo ilikatwa ziwani wakati wa baridi, ikashindiliwa ndani ya shimo lililojengewa matofali, ikafunikwa kwa majani makavu, na ikadumu hadi kiangazi.

Jengo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa maoni yangu, ni nyumba ya njiwa. Katika Enzi za Kati kufuga njiwa kwa wingi ilikuwa haki ya makabaila na ya watu wa kanisa. Nyumba ya njiwa ya Willington, Bedfordshire, iliyojengwa katika karne ya 16, ina viota takriban 1,500. Njiwa hao walijilisha nafaka katika mashamba ya wakulima wa kawaida, ambao hawakuruhusiwa kuwaua, kisha nyama ikaliwa mezani kwa bwana. Hapo dhuluma ya mfumo mzima inaonekana katika jengo moja.

Kufikia karne ya 18 hofu ya moto haikuwa tena sababu kuu. Wenye mali walitaka kazi ifanyike bila wafanyakazi kuonekana. Katika jumba la Uppark, Sussex, jiko lilihamishiwa katika jengo la pembeni, na watumishi wakawa wanapitisha chakula chini ya ardhi hadi ndani ya jumba. Mabanda ya farasi hasa ndiyo yaliyojengwa kwa fahari, kwa sababu mgeni aliyaona mapema. Yale ya jumba la Chatsworth, yaliyobuniwa na msanifu majengo James Paine, mtu asiyejua angeyadhani kuwa jumba lenyewe.

Reli, bidhaa za viwandani na umeme viliyaondolea majengo haya kazi moja baada ya nyingine, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikawaondoa watumishi wengi ambao hawakurudi.

SWALI: Je, mwenye jumba anaweza kuyabomoa majengo hayo leo? – Msomaji, South B

JIBU: Si kwa hiari yake. Jumba likiwa limeorodheshwa kisheria kuwa la kihistoria, jengo lolote la uani lililokuwapo kabla ya tarehe 1 Julai 1948 huhesabiwa kuwa sehemu yake, hata kama halikutajwa kwenye orodha, na kulibomoa kunahitaji kibali cha serikali ya mtaa. Ndiyo sababu mengi yamegeuzwa kuwa mikahawa, maduka au makazi.