Jibu: juu ya nini masasi yanakosaka Marekani

Leki, umeuliza namna gani inchi yenye viwanda vyake vya masasi inaweza kukosa masasi ku maduka. Ile ni woga tu, si vita. Watu wakisikia serikali itakaza sheria ya bunduki basi kila mtu anakimbilia duka, ilianza kuonekana wakati Obama alichaguliwa 2008, kisha baada ya watoto kuuawa ku masomo ya Sandy Hook, mwezi wa 12 mwaka 2012, ikawa mbaya zaidi. Hata yale madogo ya .22, ya bei ya chini kabisa, yalipotea, maduka mengine yakasema kila mtu na boksi moja ao mbili, na wajanja wakanunua asubuhi wauze mangaribi bei juu.

2020 ndio ilipita zote, korona, maandamano na uchaguzi kwa mara moja, FBI, polisi ya upelelezi ya serikali, ilifanya uchunguzi zaidi ya milioni 39 juu ya watu wenye kutaka bunduki, na Remington, kampuni kubwa ya bunduki na masasi, ikafilisika mulemule.

Sasa utasema viwanda viongeze mashini. Bapatroni hawapendi! Wanajua woga ukiisha watu wako na stoki ya miaka mu nyumba, hawanunui tena, Trump aliposhinda 2016 watu hawakuogopa tena sheria, biashara ikaanguka.

Ni kama bunga yetu hapa Lubumbashi, Zambia ikisemaka tu inafunga mupaka, mama mwenye kununua mufuko moja anabeba tatu, na mangaribi ku soko hakuna kitu.