Bashraf ya dakika nne kwenye gemu ya simu

Jana kijana wetu mpya kaleta muziki wa gemu ya ngalawa: dakika tano. Mchezaji mwenyewe anazama kila sekunde 20! Nilitaka kufoka, nikameza. Kosa hilo ni langu, yeye karithi tu. Haya, nyote sogeeni.

1. Wasikilizeni waliokuwa hawana kitu. Space Invaders ya 1978 ina noti nne za besi zinazojirudia. Maadui wakipungua mwendo unakaza, na viganja vinatoka jasho. Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya 1983, ilikuwa na chaneli tano za sauti, mojawapo ya mchakacho tu, na humo humo Koji Kondo akamtilia Mario muziki wake. Nyie mna traki 80, sauti juu ya sauti, na ngoma ya dumbak haisikiki.

2. Lupu, yaani kipande kinachojirudia, isiwe mp3; mp3 inaongeza ukimya mwanzoni. Ogg au wav, basi.

3. Jaribuni kwenye spika ya simu, si hedifoni. Hapa nna aibu yangu. Kazi ya kwanza ilikuwa gemu ya mtoto anayepanda mkarafuu. Nikawakusanya wapiga kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), udi, fidla na dumbak sebuleni kwetu Kikwajuni, madirisha tumefunga, feni tumezima, jasho linatiririka. Tukarikodi bashraf nzima, ule muziki wa taarab usio na maneno, dakika nne. Kanuni inaanza peke yake, taratibu. Fidla inaingia dakika ya pili, na wallahi iliingia vizuri mpaka mama akatoka jikoni kusikiliza.

Nikampa mpwa wangu simu barazani. Ti-ri-ti ya kanuni, mtoto kaanguka, muziki umeanza upya. Ti-ri-ti, kaanguka. Ti-ri-ti. Dumbak hata lingewahi kuingia lisingesikika, kispika kile besi hakiijui. Baada ya robo saa kidole chake kikaenda chenyewe kuzima sauti, wala hakutazama. "Mjomba, hii kanuni imekwama?"

Nikatengeneza upya usiku, peke yangu: sekunde 16, na mtoto akianguka muziki unaendelea. Uvumbuzi gani? Kampuni ya gemu ya LucasArts mwaka 1991, kwa iMUSE, mfumo wao wa muziki, walishaweza kuufanya muziki ubadilike ukimfuata mchezaji bila kukatika. Mie mwaka huo sijajua hata kushika kalamu.

4. Faili lisiitwe "mwisho_kabisa_2".

Mpiga fidla nikikutana naye Darajani bado ananiuliza gemu yake inatoka lini.