Kutafsiri "ginormous": usikimbilie "kubwa sana"

Ukianza kutafsiri Kiingereza cha mazungumzo, utakutana na "ginormous" mapema, na jibu la kwanza kukujia litakuwa "kubwa sana". Maana imefika, ladha imebaki njiani.

Neno lenyewe ni mawili yaliyoungwa: "gi-" ya "gigantic" na "-normous" ya "enormous". La kwanza lina asili ya Kigiriki, jitu. La pili ni Kilatini: "norma" ni kile kifaa cha seremala cha kupimia pembe mraba, na "e-" ni nje. Yaani kitu kilichotoka nje ya kipimo cha fundi! Wanajeshi wa Uingereza walilitumia enzi za Vita Kuu ya Pili, na kamusi ya misimu yao ya 1948 inalo. Merriam-Webster, wachapishaji wa kamusi wa Marekani, waliliingiza katika kamusi yao ya Collegiate mwaka 2007. Hutamkwa "jai-NO-mas", mkazo katikati. Usianze na "gi" ya "gita".

Ukubwa wake umeshafika kileleni, kwa hiyo "very ginormous" hukwaruza masikio. Wenyewe husema "absolutely ginormous". Ni neno la kupiga soga, si la ripoti wala barua ya kuomba kazi.

Kwenye tafsiri, mtego mkubwa ni ngeli ya ukubwa. "A ginormous dog" ukiandika "jibwa", msomaji anasikia chuki au hofu, ilhali msemaji alikuwa anashangaa tu kwa furaha. Andika "bonge la mbwa". "Bonge la gari", "bonge la nyumba": hapo mtindo wa maneno na uchangamfu vinalingana na Kiingereza chake.

Lakini "bonge" nalo lina mipaka yake. Kwa mtu, linamaanisha mnene. Kama anayesemwa ni mrefu na mpana, "pande la mtu" linafaa zaidi. Kwa chakula, "bonge la ugali" ni kipande kilichomegwa, na "mabonge ya keki" ni vipande vya keki, si keki kubwa. Hapo geuza sentensi: "keki kubwa ajabu", au "keki sijapata kuona", kutegemea anayesema ni nani. Mtoto wa miaka sita na mjomba wake hawashangai kwa maneno yale yale.